Siku Sekela Alipoilalia Katiba

Vipimo vya kwanza vilitupwa kwa woga. Kimoja, halafu kingine, halafu kimya, kila mtu akimtazama mwenzake. Vilikuwa vidude vidogo tu, vya ukubwa wa punje ya hindi, ambavyo Shirika lilimbandika kila mtu mzima wa Mirihi chini ya koo ili kuhesabu pumzi zake. Hesabu ilipaa hadi Duniani, kwa waheshimiwa ambao vumbi jekundu hawajalikanyaga hata kwa bahati mbaya, nao wakiamua nani kavuta hewa kupita haki yake na akatwe mshahara kiasi gani. Hakuna mtu wa Mirihi aliyekuwa na kiti katika kikao hicho. Ukicheka sana, unakatwa. Ukilia msibani, unakatwa zaidi.

Ndipo Sekela Mwambapa akatokea na ndoo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwili na mwenye sauti, mkulima wa mji wa Majani, na ndoo aliyojitwika kichwani ilijaa vipimo vya mtaa wake mzima. Akafika ukingoni mwa shimo la maji ya barafu, akaishusha, akaimimina yote kwa mkupuo mmoja. Halafu akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu kuliko vyote vilivyowahi kusikika chini ya kuba lililofunika mji, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakikuwa na gharama. Baada ya hapo watu walisukumana kulifikia shimo.

Maofisa wa Shirika hakuna aliyewagusa. Walipiga hodi tu, na hakuna aliyewaitikia. Walipiga hodi bwaloni, kimya. Walipiga hodi kwa kinyozi, kimya. Mtu mzima ukishinda unapiga hodi bila kusikia karibu, hata kama una bunduki kiunoni, unaanza kujishuku kwamba labda ulishakufa na hukuambiwa. Wakafunga virago, wakapanda chombo chao, wakaondoka wakitisha kwamba watarudi na wengi zaidi.

Na wangerudi kweli, ila si upesi. Dunia na Mirihi kila moja hulizunguka jua kwa mwendo wake, na husogeleana mara moja tu katika miaka miwili na ushei. Nje ya hapo, safari ni ya kujitesa. Watu wa Mirihi walikuwa na kipindi hicho tu cha kuigeuza miji mitano yenye ubishi kuwa nchi moja yenye serikali. Wakachagua wajumbe, wakawaketisha katika ukumbi wa Majani, wakawaambia wasitoke humo bila katiba.

*

"Jamani, fungeni mlango, mbuzi wameingia!"

Aliyesema hivyo ni Kihwele, kiongozi wa wajumbe wa Kitua, mji wa bandari. Pande la mtu, mabega ya kuchimba barafu, na sahani ya magimbi mapajani. Sekela ndiye alikuwa anaingia.

"Na wewe fuko," Sekela akamjibu bila kupunguza mwendo, "nani kakuongoza mpaka kwenye mwanga? Macho hayaumi?" Akapita mbele yake, akachukua gimbi kubwa kuliko yote kwenye ile sahani, akaliuma.

"Nimeibiwa! Mama Mwenyekiti, nimeibiwa mchana kweupe!"

"Pole sana, Mheshimiwa," akasema Mama Aikande, bibi mwenye nywele nyeupe aliyekiongoza kikao, bila kuinua macho. "Ungelila mapema."

Ukumbi ukacheka. Hakuna aliyeshangaa, maana wale wawili walikuwa watani, na si wao tu bali koo zao zote. Katika miaka ya mwanzo mababu wa Kitua, wachimbaji wa barafu, na mababu wa Majani, wakulima, waligombania maji hadi wa Kitua wakafunga mabomba ya maji na wa Majani wakafunga matundu ya hewa. Walikufa watu pande zote. Walipopatana walifanya kama walivyofanya mababu wa mababu zao huko Iringa na Songea baada ya vita: wakawekeana utani. Tangu hapo mtu wa Kitua anaweza kumwita mtu wa Majani mbuzi mbele ya mkwewe, na mtu wa Majani anaweza kumpokonya mtu wa Kitua tonge mdomoni, na atakayekasirika ni yeye mwenye aibu, aibu ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu.

Kwenye misiba ndiko utani ulikoonekana hasa. Baba yake Kihwele alipofariki, Sekela alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akakunja mikono kifuani na kutangaza kwamba marehemu hazikwi mpaka apewe kofia yake. Waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Kofia ikaletwa. Naye alipotoka humo ndiye aliyeshika koleo, akafukia, akapika, akaosha masufuria hadi matanga yakaanuliwa. Ndiyo kanuni yenyewe. Mtani anayezuia kaburi ndiye anayebeba kazi ya msiba.

Siku hiyo ukumbini, hata hivyo, utani uliishia kwenye gimbi. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa viti. Wajumbe walishakubaliana kwamba kila mji upate viti katika baraza la nchi kwa kadiri ya watu wake, na Kitua, wenye watu wachache kuliko miji yote, wakasimama na kusema wao si wachache hata kidogo. Wana akiba.

Akiba ndilo jina ambalo Shirika liliwapa watu waliolala. Walisafirishwa kutoka Duniani wakiwa katika usingizi wa baridi, damu imechanganywa na dawa ya kuizuia isigande, moyo unapiga pigo moja katika muda ambao wewe ungeweza kuinjika chai na kuinywa. Kila mmoja alikuwa na mkataba wa kulifanyia Shirika kazi akiamshwa. Shirika lilikuwa likiwaamsha kwa mahitaji, mmoja mmoja, kama mtu anavyochota unga pipani. Sasa Shirika limekwenda zake, na mamia ya watu bado wamelala katika maghala ya Kitua.

"Wahesabiwe wote," alisema Kihwele. "Ni watu, wako kwetu, tunawalinda."

"Hawali, hawasemi, hawapigi kura," wakapinga wa miji mingine. "Wahesabiwe kwa lipi?"

"Basi Kitua tunajitoa. Na chombo cha Shirika kikitokea, taa za kukiongoza kitue tunazo sisi. Tutaziwasha."

Hapo hakuna aliyecheka. Bila Kitua hakuna bandari, na bila bandari katiba ingekuwa ya kupangusia meza. Walibishana hadi sauti zikakauka, na aliyewaokoa ni Sekela. Alisimama akasema, "Tusiuane bure. Wahesabiwe nusu. Kila aliyelala, nusu mtu. Na mikataba yao Kitua waishike, maana ndio wanaowatunza."

Makofi yakalipuka. Nusu! Kwa nini hakuna aliyeliwaza hilo? Mama Aikande alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kihwele akavuka ukumbi mzima, akampa Sekela mkono mbele ya watu, naye akaupokea na kuutikisa kwa nguvu. Sekela alitembea kwenda kwake akiimba, na alilala usingizi mzito.

*

Kanuni za kikao zilitaka kila hesabu ihakikiwe kwa macho. Kwa hiyo kabla ya siku ya kutia saini Sekela alipanda gari la magurudumu makubwa, akaenda Kitua, na Kihwele akamfungulia ghala.

Ndani kulikuwa na baridi ya kuumiza meno. Masanduku ya kioo yalipangwa mawili mawili, kulia na kushoto, hadi mwisho wa macho, na juu ya kila sanduku taa ndogo ya kijani iliyowaka kila moyo ulipopiga. Taa hizo ziliwaka kwa nadra hivi kwamba ghala lilionekana kama halina umeme.

Sekela alianza kuhesabu kwa furaha, akigusa kulia na kushoto. "Wawili, mmoja. Wawili, mmoja. Wawili, mmoja." Kihwele alimfuata nyuma akipuliza viganja. Wakamaliza safu moja, wakaingia nyingine, na Sekela akaiimba ile hesabu kama wimbo wa kupandia kunde. Mwisho wa safu ya mwisho akafika kwenye sanduku lisilo na mwenzake.

"Na huyu?"

"Huyo nusu," akasema Kihwele.

Sekela akainama amtazame nusu. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, na kibao cha kichwani kilisema Mwanakombo Faki, fundi wa pampu. Mkono wake wa kushoto ulipambwa hina nzuri ajabu, maua na majani hadi kwenye kiwiko. Mkono wa kulia ulikuwa na ua moja tu kiganjani na kikonyo kilichoishia kwenye kifundo.

Sekela aliangua kicheko, maana alielewa mara moja. Aliyekuwa anampaka aliitwa kabla hajamaliza. Bila shaka walikuwa wamekaa kwenye foleni wanapakana, wakicheka, ili waamke Mirihi wakiwa wamependeza, na sauti ikatoka kwenye spika ikasema wewe, twende. Labda naye alikuwa kwenye moja ya masanduku haya, aliyempaka. Kicheko kilimkatikia njiani.

Alisimama akiingojea taa ya Mwanakombo iwake. Haikuwaka. Akangoja. Kihwele akakohoa nyuma yake. Taa ilipowaka hatimaye Sekela aligundua kwamba muda wote huo alikuwa amebana pumzi zake mwenyewe, na akaona aibu iliyomshuka hadi kwenye nyayo. Amemwaga ndoo nzima ya vipimo shimoni, halafu amerudi kuhesabu watu kwa nusu.

*

Walirudi Majani kwenye gari moja, Kihwele akiendesha. Kwa kipande kirefu cha njia hakuna aliyemtania mwenzake, jambo lisilo la kawaida hata kidogo.

"Ile nusu ni makosa, Kihwele," Sekela akasema mwishowe.

"Ni yako."

"Najua ni yangu. Ndiyo maana nasema."

Kihwele alipunguza mwendo. Alipoongea tena hakumwita mbuzi. "Dada Sekela, nikuulize bila utani. Tukiwaamsha, watavuta nini? Hewa inatoka kwenu. Kila mtu mmoja anahitaji bomba la mwani refu kama ukuta wa nyumba, limeze pumzi chafu, litoe safi. Shirika liliwaachia ukumbi wa pili, mtupu, na mbegu za mwani za kuujaza. Mmeupanda?"

"Hatujaupanda."

"Kwa nini?"

Sekela alitazama nje, kwenye mawe mekundu. "Ni kazi ya kuvunja mgongo," akakiri. "Na waliolala hawalalamiki."

"Ahaa. Na mimi, maji ya kuwapashia moto na ya kulishia huo mwani yanahitaji barafu maradufu. Watu wangu wamechoka. Halafu sisi ni wachache. Majani mkiamua kutumeza barazani mtatumeza. Vile viti ndiyo ngao yangu. Mimi si mtu mbaya."

"Sijasema wewe ni mbaya. Sote tunanufaika wakilala, ndilo linaloniuma."

"Uliniahidi kwa mkono, mbele ya watu."

"Nilikuahidi."

Hilo ndilo lililomfunga. Kifungu kilichokwisha kukubaliwa hakikuweza kufunguliwa tena isipokuwa miji yote itake, na Kitua wasingetaka. Akisimama kukipinga amevunja ahadi yake, Kitua watatoka, na Shirika litakuta taa za bandari zinawaka. Akinyamaza, nchi inazaliwa salama, na Mwanakombo Faki anabaki nusu, akisubiri kuchotwa na mwenye pipa mpya. Sekela aliyazungusha mambo hayo kichwani njia nzima, na alipofika nyumbani aliendelea kuyazungusha huku akimenya maboga. Alikuta njia moja tu ya kusema hapana kwa mtu bila kuwa adui yake, na njia hiyo haikuwa imeandikwa kwenye kanuni zozote za kikao. Ilimtisha kuliko zile nyingine mbili. Utani ulikuwa umewazuia wachimbaji na wakulima wasiuane tangu enzi za mababu. Akiutumia vibaya ukakatika, angekuwa ameharibu kitu kikubwa kuliko katiba.

*

Siku ya kutia saini ukumbi ulinukia kande na maboga ya kuchoma. Ngoma za mapipa ya plastiki zilianza mapema, na mabomba ya mwani ukutani yalitetemeka kwa mdundo, kijani kikicheza juu chini. Watu walikuwa wamevaa walivyonavyo vizuri. Katiba yenyewe ilitandazwa juu ya meza ndefu, imeandikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mwani, na kila mtu alitaka kuigusa pembeni.

"Kitua waanze," Mama Aikande alisema, na ngoma zikanyamaza.

Kihwele akasogea, akapokea kalamu. Ndipo Sekela akavua viatu, akavipanga vizuri sakafuni, akapanda juu ya meza na kulala chali juu ya katiba. Akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Mtu fulani nyuma akacheka, akanyamaza.

"Mheshimiwa Sekela," akasema Mama Aikande taratibu, "hii ni nini?"

"Msiba, Mama. Mimi ni mtani wa wafiwa. Nimezuia kaburi."

"Nani amefariki?"

"Nusu mtu. Nimewahesabu mwenyewe ghalani kwa Kihwele. Nusu upande huu, nusu upande ule, na mmoja mwisho wa safu hana hata wa kumkamilisha. Hawazikwi humu ndani ya katiba mpaka nilipwe."

Kicheko kikaanza kupanda, kisha kikasita, kwa sababu Kihwele hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Akaiweka kalamu mezani, karibu na sikio la Sekela.

"Utani una mahali pake," akasema.

Mjumbe mmoja wa Kitua aliinuka na kuchukua kofia yake ya kutokea nje. Mwingine akainuka. Sekela akafumbua macho, akamtazama mtani wake kutoka chini.

"Mkono niliokupa siurudishi," akamwambia. "Ukiniambia shuka, nitashuka, utasaini, nami nitasaini chini ya jina lako. Sitakuvunjia neno. Lakini siku ninakupa mkono nilikuwa sijawaona. Wewe umewaona kila siku. Niambie kama ni nusu, Kihwele. Wewe niambie, nami nitashuka."

Kihwele alimtazama Sekela, akaitazama kalamu, akawatazama wenzake waliosimama na kofia mkononi. Sekela alihesabu, kwa mazoea mabaya, pumzi zake mwenyewe.

"Unadai nini?" akauliza Kihwele. Sauti ilikuwa ya chini, lakini lilikuwa ndilo swali lenyewe, swali ambalo mfiwa humwuliza mtani aliye kaburini, na kila mtu ukumbini alilitambua.

"Waamshwe. Kila mmoja ahesabiwe mzima, apige kura yake. Na mikataba ichanwe."

"Hilo si kofia ya marehemu, mbuzi wewe. Hilo ni jeneza, kaburi, na shamba lote."

"Marehemu ni wengi."

"Na anayezuia kaburi hufanya nini?" Kihwele akaugeukia ukumbi, akainua mikono. "Hufanya nini?"

"Hubeba kazi!" ukumbi ukaitika kwa kishindo.

"Basi taja kazi unayobeba. Taja kwa sauti, Majani wakusikie."

Hapo Sekela alikwama, kwa maana wenzake wa Majani hakuwauliza. Aliinua kichwa, akawatazama walivyokaa kwenye safu yao, nyuso za watu wanaojua maumivu ya mgongo. "Ukumbi wa pili," akasema. "Tunaupanda mwani. Wote. Tunaanza msimu huu."

"Sekela!" akapiga kelele mzee mmoja wa Majani. "Umetuuza!"

"Nimewauza, Babu Mwakatobe. Na mimi nimo ndani."

Babu Mwakatobe alishika kichwa. Alitikisa kichwa hicho kwa muda mrefu, akanung'unika maneno ambayo mwandishi wa kikao aliamua kutoyaandika, halafu akaanza kukunja mikono ya shati, mmoja, na wa pili. Jirani yake alipomwona naye akakunja ya kwake. Safu nzima ya Majani ikakunja mikono ya mashati, na mmoja wao akaanzisha wimbo wa kupandia.

"Na maji?" Kihwele akapaza sauti juu ya wimbo. "Mwani utaulisha nini? Jasho la hicho kidevu chako?"

"Nilifikiri kuna fuko mmoja ninayemfahamu."

"Na wakiamka wakahama Kitua, wakaja kwako, viti vyangu nitavipata wapi?"

"Uwapikie vizuri, hawatahama."

Kihwele alijitahidi kuzuia. Alibana midomo, akaangalia dari, mabega yakaanza kutikisika, halafu kicheko kikamtoka chote kwa pamoja, kikubwa, hadi akajifuta machozi kwa kiganja. Alipomaliza alivua viatu. "Sogea," akasema. "Unanuka majani." Akapanda mezani na kulala kando ya Sekela juu ya katiba, na meza ikalia kwa maumivu.

Wajumbe wa Kitua walirudisha kofia zao kwenye misumari. Mama Aikande akauliza, kwa sauti isiyotulia vizuri, kama miji yote inataka kukifungua kifungu cha akiba, na mikono ikapanda kila upande, hata miwili iliyokuwa imelala mezani. Ngoma zilizofuata zilipasua mapipa mawili. Karatasi ya katiba ilikuwa imekunjamana na ina alama ya unyevu wa mgongo, ikabidi iandikwe upya, na hakuna aliyelalamika.

*

Katiba mpya ilitiwa saini na miji yote mitano. Baraza likaamua kwamba wanaoamshwa nao waweke majina yao, na mahali pakaachwa wazi kwa ajili yao. Mwani wa ukumbi wa pili ulipoanza kutoa mapovu ya kwanza, mafundi walimtoa Mwanakombo Faki ghalani, kwa ombi la Sekela.

Mtu wa usingizi wa baridi huanzwa kifuani. Maji ya moto huzungushwa kwenye fulana yenye mirija, dawa huchujwa polepole kutoka kwenye damu, na mikono na miguu huachwa baridi mpaka moyo ushike mwendo wake, la sivyo damu ya baridi huukimbilia na kuuzima. Sekela hakuondoka pale. Ile taa ya kijani iliwaka, ikawaka tena, ikaanza kuwaka haraka haraka, mpaka ikawa haizimiki, na Mwanakombo akapiga chafya.

Alipoweza kutembea walimleta ukumbini. Walikuwa wamejaa hadi milangoni. Kihwele alisimama mbele kabisa na bakuli la uji wa ulezi alioupika yeye mwenyewe, na inasemekana ulikuwa na mabonge. Mwanakombo alikaa, akajifunga blanketi, akaunywa uji wote bila kusema neno. Sekela akamsomea katiba. Aliisoma kwa sauti yake nzuri kuliko zote, kifungu kwa kifungu, na alipofika kwenye maneno yaliyosema kwamba kila mtu wa Mirihi ni mtu mzima mmoja, sauti ilikatika, akalia waziwazi mbele ya watu, akaendelea.

"Ndiyo hiyo, mdogo wangu," akasema alipomaliza, akimsogezea kalamu. "Wewe ndiye wa kwanza. Weka jina lako hapa."

Mwanakombo aliichukua kalamu. Akaitazama karatasi. Halafu akaiweka kalamu chini.

"Kifungu cha tatu," akasema, sauti bado na mikwaruzo ya usingizi. "Kinasema anayeamshwa atapangiwa kazi na mji uliomwamsha. Nani aliniuliza?"

"Ni kwa wema, dada," Kihwele akajaribu. "Usije ukahangaika..."

"Sijahangaika. Mimi ni fundi pampu, najua pa kwenda na nisipopajua nitauliza. Kifungu hicho sikikubali. Na nina la kusema pia kuhusu cha saba."

Mama Aikande aligonga meza mara moja. "Mjumbe ana hoja," akatangaza. "Kaeni wote. Kaa, Mheshimiwa Kihwele."

Kifungu cha tatu Sekela alikiandika kwa mkono wake, na alikipenda. Hakumbuki kama amewahi kufurahi namna ile maishani mwake. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Mwanakombo, akajiandaa kubishana naye.